Mafuta Niliyopaka Propela

Kazi yangu kwa ile ndege ilikuwa kushona. Bwana mwenye shamba, Mzungu, alikuwa anaitengeneza mwenyewe ndani ya stoo ya kahawa, hapa Ruiru, kwa michoro iliyomfikia na posta, na mabawa yake yalikuwa mbao nyembamba zilizovishwa kitambaa. Hicho kitambaa lazima kishonwe kwa kila ubavu wa mbao, fundo kwa fundo, halafu kinapakwa dawa ya kukikaza mpaka ukikigonga kinalia. Memsaab, mke wake, alijaribu kushona, siku ya pili vidole vikamshinda. Akauliza wanawake wa kuchuma kahawa ni nani anajua sindano, nao wakanisukuma mbele. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Sindano na kusoma nilijifunza pamoja, kwa masomo ya jioni pale kanisani, nikiwa mama wa watoto wanne tayari.

Kijana wangu wa kwanza ndiye alikuwa fundi wa shamba. Mashine ya kuambua kahawa, trekta, pampu ya mtoni, zote zilikuwa zake. Kwa hivyo injini ya ndege pia ikawa yake, yeye na Bwana, vichwa viwili ndani ya chuma kimoja, siku zingine hawasemezani neno mpaka saa ya chakula. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Baba yake alichukuliwa mwanzo wa Emergency, serikali ilipoanza kufunga watu kwa sababu ya kiapo cha kupigana na Wazungu, siku ameenda Thika kununua chumvi, na tangu hapo alikuwa kambini, hatujui kambi gani. Mshahara wa kijana ndio uliotuweka kwa nyumba ya shamba. Akifukuzwa, sisi sote tunapelekwa kwa kile kijiji cha kufungia watu, cha mtaro na miti iliyochongwa. Akishukiwa, yeye anapelekwa kwa baba yake, ama mahali pabaya kuliko pale. Hilo nililijua kila asubuhi nikiamka.

Bwana alikuwa na sheria moja kwa ndege yake. Fundi aliyekaza nati za mwisho, ndiye anapanda naye mara ya kwanza. Alisema, "Mimi kufa, wewe kufa. Sasa wewe kaza mzuri." Kijana wangu alicheka. Mimi sikucheka.

Ilipoanza kuruka, wanawake walisimama kwa mistari ya kahawa na vikapu viunoni.

"Mama wa kanisa," mmoja akaniambia, "hiyo nguo umeshona ikiraruka huko juu, utampandia na sindano?"

"Nitampandia na maombi."

"Basi omba na uzi pia."

Tulicheka, lakini usiku wa kila siku ya kuruka mikono yangu ilikuwa inauma kwa vile nilikuwa nimeifunga kwa nguvu mchana. Wakati mwingine Bwana alikuwa anaenda na kijana mpaka upande wa Gatuanyaga, kwa ule uwanda mkavu mashariki ya Thika, kwa sababu huko kuna mahali pa kushuka bila miti. Siku moja huko huko jiwe liliruka kutoka chini likapiga propela, ile pangaboi ya mbele ya mbao. Ncha moja ikachubuka.

Wakarudi polepole. Jumamosi kijana akaitoa propela, akapiga msasa ncha zote mbili mpaka vanishi ya zamani ikaisha na mbao ikabaki uchi, nyeupe kama mkate. Akaipima. Ilikuwa sawa, hakuna mkono ulioshinda mwingine kwa uzito. Akailaza juu ya vigogo viwili vya kufanyia kazi, akisema atapaka vanishi mpya Jumatatu hewa ikikauka.

Jumapili baada ya ibada nilikuja stoo kumalizia kiraka cha mkia. Mlinzi alinifungulia, akarudi kwa jua lake. Nilipomaliza kiraka nikaiona propela imelala. Nikafikiria kijana wangu akikaa nyuma ya kile kipande cha mbao, hakuna kitu kingine kinachomshika angani. Kanisani tulifundishwa kwamba mgonjwa apakwe mafuta na aombewe. Hiyo propela ilikuwa imeumizwa na jiwe. Mimi niliona ni kama mgonjwa tu.

Nilikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya mbariki kwa kikapu, yale mama zetu walikamua na kupaka watoto, imezibwa na gunzi la mahindi. Nikamimina kwa kiganja, nikaanza kupaka ile ncha iliyokuwa upande wangu. Ncha ya pili ilikuwa imeingia chini ya rafu, nyuma ya mikebe ya rangi, na sikutaka kugusa vitu vya watu. Nikasema, Mungu anajua mkono mmoja ni kama yote miwili. Nikaomba kwa jina la Yesu, nikipaka. Mbao ikanywa. Nikamimina tena, ikanywa tena. Sitadanganya, nilifurahi. Niliona ni kama maombi yamekubaliwa, kwa vile yalikuwa yanaingia bila kurudi. Chupa ilipobaki robo nikafuta juu kwa aproni, nikaenda nyumbani kupika.

Jumatatu kijana akapaka vanishi. Alhamisi wakaifunga propela, wakapanda.

Hawakuzunguka hata mara mbili. Nilikuwa kwa uwanja wa kuanika kahawa nikasikia injini inanguruma vizuri lakini kuna kitu ndani yake kama mtu anayetetemeka na homa. Waliposhuka, Bwana alikuwa mweupe kuliko kawaida. Kijana alisema mishale ya saa za mbele ilikuwa haisomeki, ni ukungu tu, na meno yalikuwa yanagongana bila yeye kuyagonga. Nati moja ya bomba la petroli ilikuwa imejifungua yenyewe, zamu moja na nusu. Angalau hawakuwa wamefika mbali.

"Wewe kaza hii?" Bwana akamuuliza.

"Mimi nilikaza."

"Sasa nani fungua?"

"Kutetemeka ndiyo imefungua, Bwana."

"Na nani leta kutetemeka?"

Nyapara alikuwa amesimama karibu. Huyu nyapara ni mtu wetu, Mkikuyu kama sisi, lakini alikuwa pia homgadi, mgambo wa serikali, na bunduki aliyopewa aliivaa hata akihesabu madebe ya kahawa. Akasema polepole, kama mtu anayezungumza na viatu vyake, "Kitu cha Mzungu kikiharibika siku hizi, Bwana, haikuwa bahati mbaya."

Bwana akampa kijana mpaka Ijumaa ya wiki ile ingine. Akasema kama haitajulikana ni nini, yeye ataita watu wenye kujua kuuliza maswali.

Kuanzia siku hiyo nilikaa stoo na kijana. Bwana aliniruhusu kwa sababu mafundo yangu kwa bawa la kushoto yalikuwa yamelegea na yalitaka kurudiwa. Kwa hivyo niliona vile ugonjwa wa injini unavyotafutwa. Kwanza alifunga gurudumu kwa mawe na mkia kwa kamba, akaiwasha, akachukua maji kwa vidole na kurushia bomba za moshi, moja moja. Zilikuwa nne. Zote zikafanya tsss.

"Kama moja ingekuwa baridi," akaniambia, "ningejua plagi yake imekufa. Injini ingekuwa inachechemea."

"Na haichechemei?"

"Hapana, Maitu," akasema, vile Wakikuyu tunaita mama. "Ina nguvu yake yote. Inatetemeka ikiwa na nguvu."

Hata hivyo alibadilisha plagi zote, maana Bwana alitaka. Ikatetemeka. Akafungua magineto, kile kitu kinachotuma moto kwa plagi, akasafisha, akarudisha. Ikatetemeka. Akasafisha kabureta. Injini ilikuwa imekaa juu ya raba nne ili isigongane na chuma kilichoibeba. Akakata zingine mpya kutoka kwa tairi ya lori, akaziweka. Siku hiyo ilikuwa nafuu kidogo ikienda polepole, tukaangaliana na matumaini, halafu akaifungua moto kamili na mkebe wa misumari ukatembea wenyewe juu ya meza mpaka ukaanguka.

Nyapara alipita kila siku. "Fundi," alikuwa anasema mlangoni, "umepata? Ama ulisahau mahali uliificha?"

Kijana aliendelea kugeuza spana. Lakini jioni hakula. Alikuwa anakaa na sahani mbele yake, mdogo wake anamwomba nyama, anampa. Nikamuuliza mbona haangalii propela, maana ndiyo iliumia.

"Propela nilipima mwenyewe, Maitu. Jumamosi ilikuwa sawa. Nilipaka vanishi tu."

"Vanishi haina uzito?"

"Nilipaka pande zote mbili sawa."

Sikufikiria mafuta hata kidogo. Mafuta nilijua ni baraka; kwamba ni uzito pia, hilo halikuwa kwa kichwa changu.

Jumanne ya wiki ya mwisho hakuwa na kitu kingine cha kufungua. Akaitoa propela kwa sababu tu ndiyo ilikuwa imebaki. Alipitisha bomba la chuma kwa tundu la katikati, akaweka hilo bomba juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, ambavyo alikuwa amevisawazisha kwa chupa ya maji iliyolazwa. Akaacha propela ijiamulie. Mkono mmoja ukashuka, pole pole, ukasimama chini. Akaugeuza juu. Ukashuka tena. Mara ya tatu mimi mwenyewe niliugeuza, na nikauona ukirudi chini kama ng'ombe anayejua zizi lake.

"Huu mkono umekula kitu," akasema.

Akainama. Vanishi ya ule mkono ilikuwa haijakauka vizuri. Kidole chake kilibaki kimechorwa hapo. Akakwangua na ukucha. Akanusa. Alikaa hivyo, pua kwa mbao, muda mrefu kuliko kunusa. Halafu akageuka akaangalia kikapu changu, na mimi nikaketi chini kwa gunia.

Hiyo harufu alikuwa ameijua tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Lini?" akauliza.

"Jumapili. Ilikuwa uchi."

"Mengi?"

"Ilikuwa inakunywa. Nikaipatia."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alichukua kitambaa na petroli akaanza kufuta, akasema, bila kuniangalia, "Nitamwambia Bwana ni maji. Nitasema niliisimamisha kwa ukuta mvua ikinyesha, maji ya hewa yakashuka kwa mkono wa chini. Hiyo hutokea kweli. Alinionyesha mwenyewe kwa kitabu."

"Lakini haikutokea."

"Maitu."

"Utasema uongo kwa ajili yangu?"

"Si uongo mkubwa."

"Wa ukubwa gani?"

Akafikiria. "Wa ukubwa wa propela," akasema, na karibu acheke.

Nikamwambia kama akisema hivyo kosa litakuwa lake, na anaweza kufukuzwa kwa uzembe. Akasema kufukuzwa si kambi. Akaniambia nyapara hatafuti uzembe, anatafuta mkono wa mtu, na mimi nisimpe mkono. Alikuwa sawa. Leo naona alikuwa sawa kuliko mimi. Lakini mimi nilikuwa nimeokoka miaka kumi na moja, nimesimama mbele ya watu nikakiri hata sukari ya Memsaab niliyoiba, kijiko kimoja. Nilikuwa sijui vile mtu hukaa na uongo ndani ya nyumba, anaulaza wapi. Nilimwambia sitaweza. Nikatoka nikapanda njia ya nyumba kubwa na aproni yangu ya kazi.

Bwana alikuwa kwa veranda. Nyapara alikuwa hapo chini ya ngazi, kofia mkononi, akipokea maagizo ya kesho. Ningengoja aondoke. Hilo ndilo ninarudia kichwani, kwamba ningengoja tu aondoke.

"Nini, mama?"

"Bwana, ile ndege ni mimi. Kijana hajui kitu. Nilipaka propela mafuta nikiiombea. Mafuta yakaingia upande mmoja, ukawa mzito."

"Mafuta gani?"

"Ya mbariki. Nilikuwa ninaomba Mungu awalinde, wewe na kijana."

Bwana akakunja uso kama mtu anayefanya hesabu, na nafikiri alikuwa anakaribia kuelewa, kwa sababu aliuliza, "Upande moja tu? Ndiyo, hiyo nazito." Hata mdomo wake ulilegea kidogo upande. Lakini nyapara akasema kutoka chini, kwa sauti nyororo:

"Bwana, hayo mafuta si ya kanisa. Hayo ndiyo mtu hupakwa akilishwa kiapo."

"Hapana," nikasema. "Niliomba kwa jina la Yesu."

"Wote wanasema hivyo, mama wa kanisa. Yule mzee wako pia alikuwa anaimba nyimbo."

"Ulinisikia nikila kiapo, wewe?"

"Mimi sikusikia. Ndiyo maana ninauliza: uliingia stoo ya Mzungu siku ya Mungu, peke yako, ukapaka chombo chake mafuta, chombo kikataka kumuua. Sasa wewe nieleze hiyo ni ibada gani."

Kila kitu alichosema kilikuwa kimetendeka.

Bwana akasimama. Akaniambia niende nyumbani, na mdomo wake ulikuwa umenyooka tena.

Kijana alinisikiliza akiwa amekaa kwa mlango wa stoo. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nyapara alikuwepo. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa akarudi kwa kazi. Aliianika propela kwa jua juu ya meza za kuanikia kahawa, akafuta mafuta yaliyotoka, akaanika tena. Ule mkono mwepesi akaupaka vanishi kidogo kidogo kwa ncha, anapima, anapaka, mpaka propela ikakaa popote ulipoiacha. Ijumaa wakapanda. Niliwasikia wakipita juu ya mto Ruiru na injini ilikuwa sauti moja, imenyooka kama uzi. Waliposhuka Bwana alimshika kijana bega. "Mzuri sana," akasema. Wanawake waliniambia, "Unaona? Imeisha." Hata mimi nilianza kuamini.

Jumatatu lori ilikuja. Nyapara alikuwa amepeleka maneno yake ya kiapo mapema, pamoja na jina la fundi, kabla ya ndege kupona, na mahali alipoyapeleka hakuna mtu aliuliza kama imepona. Askari wawili na Mzungu mmoja kijana. Waliita fundi. Nikakimbia nikasimama mbele ya lori nikasema, ni mimi, mafuta ni yangu, nichukueni mimi. Yule Mzungu akamuuliza askari ninasema nini, askari akamwambia mama analia. Nilikuwa silii. Nilikuwa ninasema wazi kabisa, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Bwana alisimama kwa mlango wa fakitori ya kahawa. Nilimwangalia. Akasema, "Mimi hapana ita hawa." Hiyo ilikuwa kweli. Hakuongeza ingine.

Kijana alikuwa amepanda tayari, mikono ikiwa mbele. Akaniita. Nilifikiri ataniambia habari ya wadogo wake.

"Maitu, mwambie Bwana mvua ikianza asisimamishe propela. Ailaze. Isije ikavuta maji."

Nilimwambia Bwana kesho yake. Alisema asante.

Miezi saba baadaye mzee wangu akarudi. Walimshusha Thika na gunia la nguo, akatembea mpaka hapa, na nilimjua kwa vile alivyoinama kupita mlango, si kwa uso. Tulikuwa bado kwa nyumba ya shamba, Bwana hakutufukuza. Nilimpa uji. Alikunywa akiangalia watoto mmoja mmoja, akiwahesabu kwa macho, na akafika mwisho.

"Kijana yuko wapi?"

Nikamwambia yote, kutoka kwa jiwe la Gatuanyaga mpaka lori. Sikuacha chupa, wala rafu, wala veranda. Alisikiliza bila kunikatiza, kikombe kwa magoti. Nilipomaliza alingoja mtoto mdogo atoke nje.

"Alikuwa na maneno ya kusema," akasema. "Hayo ya maji."

"Yalikuwa uongo."

"Ndiyo."

"Ungetaka kijana wetu adanganye?"

"Ningetaka nimkute."

Mimi bado naamini ilinibidi kusema. Kwa hilo sijabadilika, na nikiulizwa mbele ya kanisa nitasimama niseme hivyo. Lakini hapo jikoni nilichukua kikombe chake nikamwongezea uji, naye akakishika, hakunywa.